Efa ya Mama

Mama aliniuliza swali lile hata kabla hajaketi. Alikuwa ametoka kisomoni, kwenye darasa la watu wazima lililofanyika alasiri katika shule ya msingi ya mtaani kwetu pale Tabora, na kwapani alikuwa amebana jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia. Darasa zima lilikuwa na jagi hilo moja tu. Kwa kuwa yeye ndiye aliyechaguliwa kiongozi wa darasa, jagi lilikuja kulala kwetu.

"Efa moja ni lita ngapi?"

Nilikuwa barazani na gazeti la juzi. "Efa ipi, Mama?"

"Efa, ya kwenye maandiko. Galoni tumeambiwa ni lita nne na nusu. Ratili tumeambiwa, futi tumeambiwa, yadi tumeambiwa. Nikanyoosha mkono nikauliza efa. Mwalimu akasema efa haimo kwenye mafunzo."

"Wakacheka?"

"Wakacheka, na yeye mwalimu akacheka. Nikajisemea, ya nini nichekwe bure na nyumbani nina binti msomi."

Nchi ilikuwa inabadilisha kila kitu miaka ile, na vipimo havikuachwa. Ndugu zetu wa mashambani walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Wenye maduka wa Kihindi mjini walikuwa wamezifunika mizani zao za ratili kwa magunia na kuweka za kilo juu ya kaunta. Mama zetu, waliozoea kununua mafuta ya taa kwa chupa na nafaka kwa kibaba, walikuwa wanafundishwa kusema lita. Mimi nilishangilia. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam na shahada ya kemia, na nilipenda lita kwa sababu haikuwa na ukoo wala kabila: ni ileile Tabora, ileile Havana. Nilikuwa nimerudi pia na tabia ya kumwuliza kila mtu "umejuaje?", awe mwenyekiti wa nyumba kumi kumi au mganga wa kienyeji. Mama alisema chuo kikuu kimenirudisha kwenye umri wa miaka minne.

"Unataka kuijua ya nini?" nikamwuliza.

Akaweka jagi chini, akaketi mkekani, akanyoosha miguu. "Nilimwahidi Mungu."

Ndipo nikaisikia kwa mara ya kwanza habari ambayo ilinihusu mimi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mama na Baba walikaa miaka mingi katika ndoa bila mtoto. Baba, ambaye alifariki nikiwa bado sekondari, alikuwa mfanyakazi wa reli. Dada zake walikuwa wakishuka kwenye treni kutoka Kaliua na kumtazama Mama tumboni kabla ya kumwamkia. Mmoja wao alikuwa amekwisha kumtafutia kaka yake msichana. Mwaka huo, siku ya sikukuu ya mavuno, watu walipokuwa wamepanga vikapu vya mtama, karanga na viazi mbele ya madhabahu, mchungaji alisoma habari za mwanamke tasa wa zamani aliyelia mbele za Mungu akapewa mtoto, na ambaye baadaye alikwenda kushukuru akiwa na efa moja ya unga. Mama alikuwa kwenye benchi la mwisho. Akasema kimoyomoyo: nipe mtoto, nami nitakuletea efa ya unga.

"Hukujiuliza efa ni kiasi gani?"

"Mwenye kiu haulizi kina cha kisima."

Mvua zilizofuata nikazaliwa mimi. Alipopata nguvu alimwendea mchungaji wa wakati ule, mzee Mzungu, akamwuliza efa ni nini. Yule mzee alinyoosha mikono kama anayekumbatia mbuzi akasema, kapu kubwa, mama, kapu kubwa hivi. Mama akatazama ile hewa iliyokumbatiwa, akaona haiwezi kumpa kipimo. Mchungaji aliyefuata, Mnyamwezi mwenzetu, alimwambia asihangaike kwa kuwa Mungu huutazama moyo.

"Moyo anautazama, sawa," Mama alisema. "Lakini sikumwahidi moyo. Nilimwahidi unga."

Kila mavuno alipeleka kikapu kama wengine, na kila mara alisema taratibu: hiki ni cha mavuno, ile yetu bado. Aliogopa kupeleka pungufu na kuiita efa. Kupeleka nusu ya kitu na kukiita kizima, alisema, ni kumdanganya mtu machoni, na huyu si mtu. Basi akangoja apate kujua. Kungoja kukawa umri wangu wote.

"Na kuna jambo jingine," akasema, huku akiuzungusha mkono wa jagi kwa kidole. "Yule mwanamke alitoa unga, akamtoa na mtoto. Alimwacha palepale kwenye nyumba ya Mungu. Mimi niliahidi unga peke yake. Na unga wenyewe sijautoa." Akaliachia jagi. "Na sasa unapanda treni kwenda Mpanda."

Nilikuwa nimepangiwa kufundisha sekondari huko, na treni yangu ilikuwa ya wiki iliyofuata. Nikaelewa kwa nini tangu barua ya kazi ifike alikuwa akipitisha mikono kichwani mwangu kila nikipita karibu yake, kama anayehakikisha kwamba bado kipo.

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasema, "Mama, Mungu gani huyo anayekaa mlangoni na debe?"

"Sikukuuliza habari za Mungu," akasema. "Nimekuuliza lita."

*

Lilikuwa swali la haki, na nililipokea kwa moyo wote kwa sababu nilidhani lina jibu. Nilijua pia kwamba jibu lenyewe halitakuwa la kucheza. Mvua zilikuwa zimetunyima. Maduka ya ushirika yaliuza unga wa njano wa msaada, na hata huo ulikuwa na foleni. Mama alikuwa na madebe matatu ya unga mweupe, mahindi ya shambani kwake Kigwa aliyoyaleta kwa treni, akayakoboa na kuyasaga. Alikuwa ameyafunika kwa kitenge kwenye pembe ya chumba chake, na ndiyo yaliyotakiwa kumfikisha kwenye mahindi mapya.

Mchungaji tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa kijana, amenizidi miaka michache tu, na tulizoea kubishana mambo makubwa makubwa mlangoni kwake. Nilipomwambia nimekuja kutafuta efa, alidhani namtega.

"Watu huniuliza juu ya gharika," alisema. "Huniuliza juu ya mwisho wa dunia. Hakuna aliyewahi kuniuliza efa kwa sababu anataka kuijaza."

Akanifungulia kabati la vitabu vilivyoachwa na wamishonari, na nikakaa hapo kutwa nzima, nikipiga chafya kwa vumbi.

Ngazi yenyewe ilikuwa nzuri, lazima nikiri. Chini kabisa kuna logi. Logi kumi na mbili ni hini moja. Hini sita ni bathi, na bathi na efa ni kipimo kimoja, bathi kwa mafuta na divai, efa kwa nafaka na unga. Efa kumi ni homeri, mzigo wa punda. Kwa upande mwingine efa hugawanywa kumi, na fungu lake moja ndilo chakula cha mtu mmoja kwa siku moja, kama walivyokula wale waliotangatanga jangwani. Vitabu vyote vilikubaliana juu ya ngazi hiyo. Tatizo ni kwamba ngazi nzima ilikuwa inaelea. Kila kidato kilijua umbali wake na kidato kingine, na hakuna hata kimoja kilichogusa ardhi.

Kitabu kimoja kilisema efa ni lita ishirini na mbili. Mwandishi wake aliwategemea watu waliochimba magofu wakapata vigae vya mtungi vilivyoandikwa bathi, na kutokana na mzingo wa kigae wakakisia tumbo la mtungi. Kitabu cha pili kilisema lita thelathini na sita, kwa kumfuata mtu wa kale aliyeilinganisha efa na kipimo cha Wayunani. Kila mmoja alimtaja mwenzake kwa adabu ya watu wanaodharauliana.

Cha tatu, kikuukuu kuliko vyote, kilinifurahisha. Kilisema wazee wa Kiyahudi, ili kipimo kisipotee, waliilinganisha logi na mayai sita ya kuku. Hapo nikafunga kitabu. Kigae cha mtungi sikuwa nacho, lakini yai naweza kulishika.

Jirani yetu alikuwa na kuku. Alikuwa bibi wa Kiislamu, mzaliwa wa mji, rafiki wa Mama tangu kabla sijazaliwa, na ukoo wao uliuza nafaka kwa misafara tangu wakati wa wapagazi. Nilimkuta uani anatawanya pumba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, msomi. Leo na bakuli? Mama yako amekufukuza?"

"Naomba uniazime mayai sita. Nitayarudisha."

"Yai la kuazima! Likirudi limekuwa kifaranga?"

"Yatarudi mazima. Nataka kuyazamisha majini tu, nione yatamwaga maji kiasi gani."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Serikali imekusomesha hadi Dar es Salaam ukajifunze kuzamisha mayai." Lakini alikuwa amekwisha kuinama kwenye kiota, na mayai yalipojaa bakulini akajitanda kanga yake na kunifuata, kwa sababu jambo kama hilo mtu hapaswi kusimuliwa.

Nilijaza sufuria maji hadi ukingoni, nikaiweka ndani ya karai kavu, nikayateremsha mayai moja moja kwa kijiko. Maji yakafurika pole pole kwenye karai. Mama alikuwa amepiga magoti upande mmoja na jirani upande mwingine, wote wawili wamekaza macho kama wanaotazama mtoto akinyolewa. Nikayamimina maji ya karai kwenye jagi la kisomo. Hayakufika robo lita. Nikazidisha kwa logi zote sabini na mbili zilizomo katika efa.

"Lita kumi na sita na nusu," nikasema. "Debe la mafuta ya taa ni lita kumi na nane. Efa haijazi hata debe moja."

Debe moja lisilojaa, na mawili kubaki chini ya kitenge.

"Alhamdulillahi," jirani akasema. "Kuku wangu wamemaliza kesi ya kanisani."

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Sijui kama ni uadilifu au ni ugonjwa tu, lakini sikuwahi kuweza kuacha hesabu ikae vizuri. "Isipokuwa," nikasema, "kuku wa hapa kwetu ni wadogo. Yai la kuku wa kizungu lingetupa efa nyingine kabisa. Na hatujui kuku wa Wayahudi wa zamani walikuwa na ukubwa gani."

"Sasa amewatukana," jirani akamwambia Mama. "Amekula mayai yao tangu anaota meno."

Mama hakucheka. "Vitabu vinasemaje?"

Nikamweleza: cha vigae, ishirini na mbili; cha Wayunani, thelathini na sita; na haya mayai yetu, kumi na sita na nusu. Nilimchorea ngazi yote sakafuni kwa chaki. Alisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza ripoti zangu za shule, mikono ikiwa juu ya magoti.

"Nilikuuliza swali moja," akasema nilipomaliza.

"Na jibu ndilo hilo. Hakuna anayejua."

"Vitabu vyote vile?"

"Vyote. Wanakisia, Mama. Wanakisia kwa elimu nyingi, lakini wanakisia."

Niliona uso wake ukishuka, na nikajilaumu kwa kumletea majibu matatu mtu aliyehitaji moja. Alikuwa ametembea na swali hilo tangu mimba yangu, kutoka kwa mchungaji hadi kwa mchungaji, mpaka likamfikia mtu aliyemzaa mwenyewe, na huyo naye alikuwa amemkumbatia mbuzi wa hewa kwa tarakimu.

Nikajaribu njia nyingine. "Lakini kuna kitu kimoja ambacho wote wanakubaliana. Fungu la kumi la efa ni chakula cha mtu mmoja kwa siku. Basi efa ni watu kumi kushiba siku moja. Tuachane na lita. Wapikie watu kumi, uwe umemaliza."

"Kama kibaba cha wapagazi," jirani akadakia. "Babu yangu aliwapimia hapahapa, wakitoka Ujiji. Kila kichwa, kila siku, kibaba. Huyu mtoto ana akili."

Mama akatikisa kichwa. "Sikuahidi karamu." Akaichukua chaki kutoka mkononi mwangu, akainama juu ya zile tarakimu tatu. Kusoma alikuwa anajifunza bado. Alizifuata kwa kidole moja baada ya nyingine. "Hii kubwa. Nikitoa hii, na kumbe ukweli ni ile ya vigae?"

"Utakuwa umezidisha."

"Na kama ukweli ni ya mayai?"

"Umezidisha zaidi ya mara mbili."

"Kuna hali yoyote ambayo itakuwa imepungua?"

Nilifikiri. "Katika vitabu nilivyoviona, hakuna."

Akaizungushia ile thelathini na sita duara, kama alivyofundishwa kuzungushia jibu sahihi. "Basi ni hii."

"Mama, hayo ni madebe mawili kamili! Utabaki na moja. Utakula njano hadi mavuno, na mimi sitakuwepo hata kukushikia foleni."

"Njano wanakula watu."

"Kwa nini utoe kubwa wakati ndogo nayo inaweza kuwa ndiyo? Kwa hesabu zote zina haki sawa."

Akaniinulia macho, na ilikuwa kama ananishangaa kweli, kwamba kwa masomo yote yale sijaona. "Kitu nilichopewa ni wewe," akasema. "Unataka nikutolee shukrani kwa mayai ya mtetea?"

Jirani akapiga makofi. "Kuku wangu wametukanwa mara ya pili leo, na safari hii na mtu mzima."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikainama kufuta karai, kwa sababu sikutaka uso wangu uonekane. Maabara walitufundisha kwamba kipimo kisicho na hakika hutajwa pamoja na kosa lake, kiasi fulani juu na kiasi fulani chini. Hawakutufundisha ni nani alibebe lile kosa. Mama alikuwa amelibeba lote upande wake, bila kunung'unika, akanirudishia chaki.

*

Jumamosi asubuhi tulitandika mkeka mpya uani, tukaweka juu yake madebe mawili yaliyosuguliwa kwa majivu mpaka yakang'aa. Mama alitaka nipime mimi. Yeye alikaa mbele yangu na kitambaa cheupe mapajani.

Unga si maji. Ukiuchota kwa upole unakaa kwa majivuno, umejaa hewa. Ukigonga jagi unashuka vidole viwili. Nilichota lita ya kwanza nikaisawazisha kwenye mstari.

"Gonga," Mama akasema.

"Nikigonga unashuka, itabidi niongeze."

"Gonga."

Nikagonga, nikaongeza, nikamimina. Tuliendelea hivyo. Debe la kwanza lilikuwa limefika nusu niliposikia anasema kitu chini ya pumzi.

"Umesemaje?"

"Endelea tu. Hiyo ilikuwa ya surua."

Nikabaki nimeshika jagi hewani. Surua niliikumbuka kidogo sana: chumba cha giza, maji ya ukwaju. Nilimimina. Nilipochota nyingine akasema, "Hii ya ulipoanguka kwenye tuta la reli, ukazimia." Kisha zikapita kadhaa kimya, kisha, "Hii ya Baba yako tulipomzika, ukakataa kula." Kisha, "Hii ya treni ya Dar, mara ya kwanza."

Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga nguo zilizokauka. Lakini mimi nilianza kugonga jagi bila kuambiwa. Nilikuwa najua kwamba niliwahi kuugua, kuanguka, kusafiri. Haya ni mambo ya kila mtoto. Sikujua kwamba kila mara, kando ya kitanda changu au pale chini ya dirisha la behewa, alikuwapo mtu aliyedhani kwamba siku imefika, kwamba ameitwa kuja kutoa kile kingine, yaani mimi.

Jirani aliingia tulipokuwa tunamalizia debe la pili. Alisimama na kikombe mkononi, akatazama jinsi nilivyopitisha ubao wa kusawazisha juu ya mdomo wa debe.

"Ee! Mfuto?" akasema. "Kwa Mungu mnapimia mfuto, kama Wahindi wa dukani? Kwetu ya kutoa ni tele, iwe na kilele."

"Lita ni mfuto, Bibi," nikamwambia. "Mstari ukifika, umefika."

"Basi lita yenu haijalelewa." Na kabla sijazuia akamimina kikombe chake juu ya debe, unga wake mwenyewe, ukasimama kama kichuguu kidogo. Akamwambia Mama, "Hii usiihesabu kwenye efa. Hii ni ya jirani. Na mimi nilimbeba mgongoni huyu."

Mama alikitazama kile kilele kwa muda mrefu. Kisha akafunga debe kwa kitambaa cheupe, polepole, kisibomoke.

Tulikodi mkokoteni. Mchungaji alitupokea mlangoni mwa kanisa, na alipoona madebe mawili uso wake ulibadilika. Alijua bei ya unga na alijua nyumba yetu.

"Mama," akasema kwa upole, "mwaka huu? Umebakiza nini nyumbani?"

"Nimebakiza debe moja na mtoto mmoja."

Mchungaji akanitazama mimi, kisha akayatazama madebe, na nadhani ndipo alipoelewa efa ilikuwa ya nini. Hakuhubiri. Akayashika mwenyewe, moja baada ya jingine, akayapeleka mbele, na tukasimama nyuma yake. Aliomba kwa maneno machache. Mimi nilisimama macho wazi, kama kawaida yangu, kwa hiyo nilimwona Mama. Alikuwa na mabega ya juu siku zote, yamepanda kidogo kuelekea masikioni. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, na watu walisema nimeyarithi. Wakati wa kuitikia amina yalishuka. Yalishuka kama ya mtu aliyetua kuni.

Tukiwa njiani kurudi nilitaka kumwuliza kama hajali unga ule utaliwa na nani, wagonjwa au wageni wa mchungaji. Aliniona nikifungua mdomo. "Kilichotolewa hakifuatwi," akasema, na akanunua karanga za kumpelekea jirani, aliyekuwa anatungoja barazani atuulize ilikuwaje.

Sikuamini siku ile, na siamini leo, kwamba kuna mahali mbinguni ambapo efa ya Mama ilikuwa inangojwa. Mchungaji ananijua hivyo na bado tunabishana kwa barua. Kama mtu angeniuliza leo efa ni lita ngapi, ningemjibu tena kwamba haijulikani, na ningeonyesha vigae na Wayunani na mayai. Lakini nimejaribu mara nyingi kuandika ile tarakimu ya kumi na sita na nusu kama jibu la busara zaidi, na kila mara mkono unakataa.

Jioni ya kuondoka kwangu tulikwenda stesheni sote watatu. Safari zote za nyuma Mama alikuwa anashika ukingo wa dirisha la behewa na kuongea mfululizo, habari za dawa, za maji ya kuchemsha, za watu wa kuwaogopa, hata treni inapoanza kusogea anatembea nayo mpaka mwisho wa jukwaa, nami namwomba aachie. Safari hii alinipa kikapu, akaniwekea sawa kola ya blauzi, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya. Nenda ukawafundishe watoto wa watu," akasema. "Na sasa ukiumwa, utakuwa umeumwa tu. Kunywa dawa."

"Ndiyo, Mama."

"Ukipona, andika."

Jirani akamshika mkono. Walikuwa wanazungumza habari ya unga wa njano. Jirani alisema ukiutia maji mengi unakuwa gundi, Mama alisema tatizo si maji, ni moto. Nikawatazama kutoka dirishani wakikata katikati ya wachukuzi na magunia, kanga mbili, wakibishana, mpaka wakapita kwenye lango la stesheni bila kugeuka. Treni ilikuwa bado imesimama. Hata honi ya kwanza ilikuwa haijapigwa.